Kwa nini rubani wa ndege ya dawa hukaa nyuma ya tangi

Nilipokuwa darasa la tano kule Usangu, kazi yetu watoto mpunga ulipoanza kukomaa ilikuwa moja tu: kuamia ndege. Unaamka alfajiri na kombeo na debe bovu, unapiga kelele mpaka sauti inakauka, na bado kweleakwelea wanashuka kama wingu na kuondoka na jasho la familia nzima. Mwaka ule walizidi. Wakubwa wakaandika barua, barua ikajibiwa, na jioni moja ikaja ndege ya kuua ndege. Tulicheka sana jina hilo.

Ilitumia kiwanja cha vumbi kilichokuwa nyuma ya mashamba. Mara ya kwanza ilipaa vizuri. Mara ya pili pia. Mara ya tatu, wakati jua linakaribia kuzama, ilikimbia, ikakimbia, magurudumu yakawa yanaruka na kurudi chini kama kuku anayejaribu kuruka ua. Mbele kulikuwa na mstari wa migunga. Tukanyamaza. Ghafla chini ya tumbo la ndege pakafunguka kitu, mzigo wote ukamwagika kama ndoo iliyopinduliwa, ndege ikajinyanyua na kupita juu ya migunga kwa kimo cha mtu mzima tu. Rubani alipona. Mzigo ukaangukia kipande cha bibi yangu.

Bwana shamba alikuja kesho yake, akachomeka vijiti kuzunguka eneo, akasema mbuzi wasipite na mchicha usichumwe mpaka mvua nyingine. Hakuna aliyekuja kuomba radhi. Bibi alirudia sentensi moja kwa miaka: "Yule katumwagia makusudi." Na kweli, alimwaga makusudi. Mimi nilikuja kuelewa kwa nini miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni nasoma mwendo wa vimiminika na hewa. Makala hii ni jibu ambalo sikuwahi kumpa Bibi. Ili kulijibu vizuri, inabidi tuanzie mbali kidogo.

Ilivyoanza

Tarehe 3 Agosti 1921, karibu na mji wa Troy katika jimbo la Ohio, Marekani, luteni wa jeshi aitwaye John Macready alirusha ndege ya Curtiss juu ya shamba la miti ya katalpa. Miti ile ilikuwa inaliwa na viwavi. Ubavuni mwa ndege kulifungwa sanduku la chuma lenye unga wa asenati ya risasi, yaani sumu yenye aseniki na madini ya risasi. Mwenzake, Etienne Dormoy, aliyelibuni sanduku hilo, alikaa ndani ya ndege akizungusha mkono wa kuutoa unga. Kunyunyiza kwenyewe kulichukua chini ya dakika moja. Siku chache baadaye karibu viwavi wote walikuwa wamekufa.

Wakulima wa pamba kusini mwa Marekani, waliokuwa wanateswa na mdudu wa vitumba, waliona njia. Mwaka 1922 majaribio yalihamia Louisiana, na haikupita miaka mingi kampuni za kunyunyiza kwa ndege zikaanza kuota. Moja ya hizo ndiyo iliyozaa Delta, shirika kubwa la ndege la Marekani unalolisikia leo. Ndiyo, lilianzia kwenye vumbi la kuua wadudu wa pamba.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kazi hii ililipuka. Jeshi la Marekani lilikuwa na maelfu ya ndege za mafunzo zisizo na kazi, hasa Stearman, zile zenye mabawa mawili juu na chini. Ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Fundi anang'oa kiti cha mbele, anaweka tangi, anafunga injini yenye nguvu zaidi, basi. Kwenye ndege nyingine ndogo, kama Piper Super Cub, tangi liliwekwa pale kwenye kiti cha nyuma, mgongoni kwa rubani. Huko New Zealand marubani walianza mwaka 1949 kumwaga mbolea milimani kwa Tiger Moth, wakipaa kutoka kwenye vijiviwanja vya mashambani vilivyochongwa kwenye miteremko.

Unaona tatizo? Hakuna hata moja ya ndege hizi iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi hii. Zilitengenezwa kufundisha wanajeshi au kubeba mtu na mkoba wake. Sasa zinajazwa mzigo mpaka shingoni, zinapaa kwenye kiwanja kifupi, mara nyingi sana kwa siku moja. Rubani wa abiria hupaa mara chache kwa siku. Rubani wa dawa anaweza kupaa mara kadhaa kwa saa. Na kila mara anapaa akiwa mzito kuliko atakavyokuwa wakati wowote mwingine wa safari hiyo.

Kwa nini kupaa ni saa mbaya

Twende taratibu hapa, maana ndipo penye jibu la Bibi.

Bawa hunyanyua ndege kwa kuisukuma hewa chini. Hewa ikiwa nyepesi, kuna kitu kidogo cha kusukuma, kwa hiyo lazima ndege iende kasi zaidi ili inyanyuke. Hewa huwa nyepesi kwa sababu mbili: mwinuko na joto. Wahandisi hupima kwa kulinganisha na usawa wa bahari siku yenye nyuzijoto 15, ambapo mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.225.

Sasa chukua kiwanja kilicho mita 1,050 juu ya usawa wa bahari, kama bonde la Usangu lilivyo kwa makadirio, jioni yenye nyuzijoto 28. Ukipiga hesabu unapata hewa ya kilo 1.03 hivi. Imepungua karibu asilimia 16. Ndege inaona kana kwamba kiwanja kimepanda hadi kama mita 1,700, ingawa ardhi haijasogea hata inchi.

Upungufu huo unampiga rubani mara tatu. Kwanza, injini ya kawaida inavuta hewa pungufu, kwa hiyo inatoa nguvu pungufu. Pili, propela inakamata hewa pungufu, kwa hiyo inavuta kidogo. Tatu, bawa linahitaji kasi kubwa zaidi, karibu asilimia 9 zaidi katika mfano wetu. Yaani unatakiwa kukimbia zaidi huku umepunguziwa chakula.

Ongeza uzito. Kwa makadirio ya kawaida, umbali wa kukimbia kabla ya kupaa hukua kwa mraba wa uzito. Ukiongeza mzigo ndege ikawa nzito kwa asilimia 10, umbali hauongezeki kwa 10 bali kwa 21 hivi, na mara nyingi ni zaidi. Ndiyo maana mtu anayejaza tangi akizidisha debe mbili tatu "ili tumalize mapema" anafanya jambo kubwa kuliko anavyodhani. Nyasi ndefu na tope huongeza umbali. Upepo wa nyuma nao huongeza. Mambo haya yote huja pamoja, siku moja, kwenye kiwanja kimoja.

Marubani wana kanuni moja nzuri ya kujikinga: ukifika katikati ya njia na bado hujapata asilimia 70 ya kasi ya kupaa, acha, simama. Kanuni hii si uchawi. Kama mwongeko wa kasi ni uleule njia nzima, mraba wa kasi hukua sawasawa na umbali. Nusu ya umbali inakupa kipeuo cha pili cha nusu, yaani 0.71. Ukiwa chini ya hapo, nusu iliyobaki haitakutosha. Hesabu ya kidato cha tatu inaokoa maisha. Shida ni kwamba jua linazama, kweleakwelea wameshaingia kulala kwenye matete, na kijiji kizima kimesimama pembeni kinakuangalia.

Mtu aliyeanguka akapona

Kwa miaka mingi, jibu la ajali lilikuwa moja: rubani awe makini. Akifa, hakuwa makini. Aliyekataa jibu hilo ni mtu aliyeanguka mwenyewe.

Hugh De Haven alikuwa kijana wa Kimarekani aliyejiunga na mafunzo ya urubani ya jeshi la Uingereza kupitia Kanada wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1917 ndege yake iligongana na nyingine angani wakati wa mazoezi. Alianguka, akaumia vibaya ndani ya tumbo, akapona. Akiwa amelala hospitali alianza kujiuliza swali ambalo wengine waliliita bahati: kwa nini mimi niko hai? Na akagundua kwamba majeraha yake ya tumboni yalilingana na kifungo cha mkanda wake. Kwa maneno mengine, hakuumizwa na kuanguka tu. Aliumizwa na kitu ambacho mtu fulani alikichora hivyo na angeweza kukichora vingine.

Mwaka 1942 alichapisha uchunguzi wa watu wanane walioanguka kutoka kwenye kimo cha futi 50 hadi 150, yaani kama mita 15 hadi 45, wakasalimika. Alipima kile walichoangukia kilivyobonyea, akakokotoa nguvu iliyowapiga. Matokeo yake yalishangaza: kwa muda mfupi sana, mwili ukiwa katika mkao mzuri, mtu anaweza kuvumilia nguvu ya hadi mara 200 ya uzito wake. Basi kama mwili ni imara hivyo, kwa nini marubani wanakufa katika ajali za mwendo mdogo? Kwa sababu ya vitu vilivyo karibu nao: dashibodi yenye ncha, kiti kinachong'oka, mkanda unaokatika, na mzigo unaokuja kutoka nyuma.

Rudi sasa kwenye ile Super Cub yenye tangi mgongoni. Ndege inagonga tuta mwishoni mwa kiwanja. Ndege inasimama, ila mzigo hausimami. Kilo mia tatu za kimiminika zinaendelea na safari, na kati yake na injini yupo mtu. Hapo umakini wake haumsaidii kitu.

Ndege iliyochorwa kwa kuanzia na ajali

Mhandisi Fred Weick alikuwa tayari ana jina kubwa Marekani kwa kazi zake za utafiti wa ndege. Akiwa chuo cha Texas A&M, alipewa jukumu la kuunda ndege ya kilimo isiyotokana na viporo vya jeshi. Aliwasikiliza marubani wa dawa, na alizingatia kazi ya De Haven na wenzake waliokuwa wakichunguza majeraha ya ajali katika Chuo Kikuu cha Cornell. Ndege hiyo, Ag-1, iliruka mara ya kwanza tarehe 1 Desemba 1950.

Ukiiangalia picha yake utasema ni ndege mbaya. Pua imeinama, rubani amekaa juu kama kondakta kwenye keria. Lakini kila ubaya una sababu. Bawa liko chini, ili likigonga kitu lianze kuvunjika lenyewe. Rubani yuko juu ili aone mbele na chini, aione migunga na nyaya za umeme. Kuna makali ya kukata nyaya mbele ya miguu ya magurudumu. Mikanda inashika mabega pia, sio kiuno peke yake. Na wazo likazaliwa: tangi likae kati ya injini na rubani. Vitu vyote vizito viwe mbele yake. Ndege ikigonga, injini na tangi vinatangulia, na bodi inabonyea taratibu huku ikila nguvu ya ajali kabla haijamfikia mtu.

Wazo hilo la mbele-nyuma ndilo jibu la kichwa cha makala hii. Weick alikwenda nalo kampuni ya Piper, likazaa Pawnee, ndege iliyoanza kuuzwa mwaka 1959 na kutengenezwa zaidi ya 5,000. Ukienda leo kwenye kiwanja chochote chenye ndege za kisasa za dawa, ziwe za Marekani au za Poland, angalia pembeni: injini, tangi, rubani. Mpangilio ni uleule.

Wenzo wa kumwagia

Kwenye ndege hizi, karibu na mkono wa rubani, kuna wenzo wa kufungua mlango wa chini wa tangi mara moja. Tuupime kwa Pawnee yenye uzito wa juu wa kupaa kama kilo 1,315 na mzigo wa dawa hadi kilo 540 hivi. Ukimwaga wote, ndege imepoteza karibu asilimia 41 ya uzito. Kasi ndogo kabisa inayohitajika kubaki hewani hufuata kipeuo cha pili cha uzito, kwa hiyo inashuka karibu robo. Maana yake ni kwamba ndege iliyokuwa inashindwa kuruka, sekunde chache baadaye ina kasi ya ziada bila injini kuongeza chochote. Kile tulichokiona, ndege kujinyanyua ghafla, ni hesabu hiyo.

Marekani sheria inataka ndege ya dawa inayofanya kazi juu ya makazi ya watu iweze kumwaga angalau nusu ya mzigo ndani ya sekunde 45. Lakini mwishoni mwa kiwanja cha vumbi hakuna sekunde 45. Kuna mbili au tatu. Rubani anayesita ili aangalie shamba la nani liko chini, hasalimiki. Kwa hiyo ndio, Bibi, alimwaga makusudi.

Hapa wengi wetu tunaosoma sayansi tungeishia. Tatizo limetatuliwa: rubani yuko salama. Ila ukisimama upande wa kipande cha bibi yangu, unaona kwamba hatari haikutoweka. Ilihamishwa. Ilitoka kwa mtu mmoja aliyekubali kazi hiyo, ikaenda kwa mtu ambaye hakuulizwa. Wenzo ni mzuri. Kilichokosewa kilitokea kabla ya wenzo: kiwanja kile kuelekea mashamba ya watu, tangi kujazwa kama asubuhi ya baridi, na kutokuwepo mtu aliyesema "punguza nusu".

Lita moja kwa hekta

Kuna njia nyingine ya kupunguza hatari, na sehemu kubwa yake ilipatikana hapa kwetu. Katika miaka ya 1950, nzige wa jangwani walipokuwa wanavamia Afrika Mashariki, watafiti wa nzige waliokuwa na makao Nairobi, wakiwemo Rainey na Sayer, walijiuliza: kwa nini tunabeba maji? Dawa ya kawaida huchanganywa na maji mengi, na maji ndiyo yanayoijaza ndege. Wao walitumia dawa nzito ya mafuta, isiyochanganywa na maji, wakaipasua iwe matone madogo sana na kuuachia upepo uisambaze. Mwaka 1958 walieleza kinyunyizio kilichotumia moshi wa ekzosi ya gari kufanya kazi hiyo. Njia hiyo, ya kunyunyiza kwa ujazo mdogo mno, ndiyo msingi wa vita dhidi ya nzige mpaka leo, kwa gari na kwa ndege.

Fanya hesabu. Una hekta 1,000 na tangi la lita 500. Ukitumia lita 20 kwa hekta, unahitaji kupaa mara 40. Ukitumia lita 1 kwa hekta, unapaa mara 2. Safari 38 za kukimbia kuelekea migunga zimefutika, na hakuna rubani aliyehitaji kuwa shujaa. Matone madogo yana ubaya wake, upepo huyapeleka mbali na yasipotakiwa, ndiyo maana kazi hiyo inadai kupima upepo kwa makini. Lakini ajali iliyo salama kuliko zote ni ile ya safari ambayo haikuwa lazima.

Mwaka 1962 nchi za ukanda huu ziliunda shirika la pamoja la kudhibiti nzige wa jangwani, ambalo ndege zake zinatumika hata kwa kweleakwelea. Nzige waliporudi kwa kishindo Kenya, Ethiopia na Somalia mwaka 2020, watoto wengine walisimama pembeni ya viwanja wakiangalia ndege ikikimbia, kama sisi.

Bibi alifariki nikiwa mwaka wa pili wa digrii ya kwanza. Kama ningepata jioni moja zaidi naye ningemwambia hivi: yule rubani hakukudharau. Alikuwa na sekunde mbili, akachagua kuishi, na aliyebuni ule wenzo alitaka achague hivyo. Ila najua angenijibu nini. Angeuliza: "Na aliyechora kile kiwanja je, yeye alikuwa na sekunde ngapi?"

Alikuwa na miezi. Na hilo ndilo swali la kuuliza kila mara tunapoambiwa ajali imesababishwa na rubani.